Singeli haikuanza 2017

Leo kidogo historia, ila siyo ile ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilitoa Sounds of Sisso, singeli tupu kutoka studio ya Sisso kule Mburahati, Dar. 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Ulaya wakaipokea kama muziki mpya wa majaribio. Mpya kwa nani, bwana? Uswahilini watu walishakesha nayo kwenye vigodoro miaka kibao. DJ anakata kipande cha taarabu, anakizungusha, anakikimbiza mpaka midundo 200 na ushee kwa dakika, halafu MC anashika maiki na kuchana bila kupumua. Msaga Sumu alikuwa keshajulikana mitaani kabla ya albamu hizo.

Shida ni kwamba albamu ina tarehe, kigodoro hakina. Ndo maana nimeanza kuwafuata ma-DJ wa mtaani na flashi yangu, nakopi walichonacho. Wa kwanza kaniambia kazi zake zote za mwanzo zilikuwa kwenye simu, na simu iliibiwa.