Shelisheli: Tandiko na zizi salama kwa kobe wa Aldabra

Katika visiwa vya Shelisheli, kobe wakubwa wa Aldabra wamefugwa majumbani tangu zamani. Kwa kuwa kobe hawa huweza kuishi zaidi ya miaka 100, kosa la mfugaji huweza kubaki katika gamba la mnyama hata baada ya mfugaji mwenyewe kufariki.

Kisiwa cha Aldabra, kilichoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982, kina kobe wapatao 100,000. Huko hula nyasi asubuhi, na jua linapokuwa kali hujisitiri vivulini. Anayechelewa huweza kufa kwa joto. Zizi bora ni lile linaloiga maisha hayo.

Tandiko lifaalo

Udongo wenye nyasi, usiotiwa dawa za kilimo, ndio bora kuliko yote. Sakafu ya saruji huchubua miguu na upande wa chini wa gamba. Mahali pa kulala hutandikwa nyasi kavu, ambazo hata zikiliwa hazina madhara. Zikilowa ziondolewe mara moja, kwani huota kuvu inayodhuru mapafu.

Mchanga mtupu ni hatari pale chakula kinapowekwa juu yake: kobe humeza chembechembe zake na utumbo ukaziba. Maranda ya mwerezi na msonobari nayo yaepukwe, kwa sababu mafuta yake yenye harufu kali huwasha macho na njia ya hewa.

Watoto wa kobe huhitaji unyevu zaidi. Wakikuzwa mahali pakavu mno, vigae vya gamba lao huinuka mfano wa vichuguu, na kasoro hiyo haiondoki. Udongo uliochanganywa na majani makavu na kunyunyiziwa maji huwafaa, mradi usigeuke tope.

Ukuta, kivuli na maji

Dume huweza kufikia kilo 250, hivyo ukuta uwe imara. Usiwe wa wavu, kwani kobe anayeona ng'ambo husukuma bila kuchoka. Kivuli kiwepo mchana kutwa, na maji yawe ya kina kifupi. Jua la moja kwa moja ni lazima: mionzi ya urujuanimno huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa na gamba, na kioo cha dirisha huizuia.

Zanzibar na sheria

Kobe wa Aldabra waliletwa katika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kutoka Shelisheli mwaka 1919, na vizazi vyao vingali vipo. Leo safari kama hiyo haiwezekani bila kibali, kwa kuwa kobe hawa wamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES. Anayetamani kufuga aanze kwa kuuliza sheria ya nchi yake, ndipo ajenge zizi. Kobe wa porini aachwe porini.