Jicho la Angani na Habari za Ukame

Tangu zamani mfugaji wa Turkana au wa Borana hakukaa tu akingoja njaa imbishie hodi. Wazee walitazama nyota, na mbuzi alipochinjwa waliyasoma matumbo yake kama sisi tusomavyo kitabu. Usiwacheke, msomaji. Walikuwa wakitafuta kitu kilekile wakitafutacho wataalamu wa leo kwa vyombo vya thamani kubwa, yaani kuujua ukame kabla haujayamaliza malisho.

Historia ya vyombo hivyo si ndefu. Tarehe 1 Aprili 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza iliyofaulu kupiga picha za mawingu kutoka juu. Mwezi wa Julai 1972 ikafuata Landsat ya kwanza, iliyoundwa kuitazama nchi yenyewe. Lakini Landsat ilirudi mahali pamoja baada ya siku 18, na wingu likitanda siku hiyo, picha haikufaa kitu. Baadaye wataalamu, Compton Tucker wa NASA akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba setilaiti za hali ya hewa, ambazo picha zake zilikuwa hafifu zaidi lakini zilipita kila siku, ndizo zilizofaa kuyachunga majani ya bara zima.

Yafaa ujue jinsi zinavyofanya kazi. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, bali mwanga mwingine uliopakana na huo, usioonekana kwa macho yetu, hulirudisha kwa wingi angani. Setilaiti huipima miale yote miwili. Tofauti yake hugawanywa kwa jumla yake, na hesabu hiyo ndiyo iitwayo NDVI. Mchanga mtupu hukaribia sifuri. Msitu mnene hufika 0.8. Hata hivyo namba peke yake haisemi neno, kwa kuwa Marsabit si Kakamega. Hapana budi ilinganishwe na namba za mahali hapo hapo, majira yayo hayo, katika miaka iliyopita.

Katika mwaka wa 1984 njaa kubwa iliishika Ethiopia, na vita vikaizidisha. Walimwengu walishtuka mwezi wa Oktoba, walipoona katika televisheni picha za Korem, na wakati huo watu walikuwa wamekwisha kufa kwa maelfu. Mwaka uliofuata Marekani ilianzisha FEWS, mpango wa kuonya mapema juu ya njaa, ambao ulitumia picha hizo za majani pamoja na bei za nafaka na za mifugo sokoni.

Basi onyo likawapo. Je, lilisikiwa? Tazama habari za Somalia. Tangu Agosti 2010 wataalamu walisema kwamba bahari ya Pasifiki imepoa, nasi huku Afrika ya Mashariki tutakosa mvua. Mvua za mwisho wa mwaka hazikunyesha vema, na zile za masika ya 2011 vilevile. Maonyo yalitolewa tena na tena. Lakini Al-Shabaab walikuwa wamewafukuza watoaji wengi wa chakula, na mataifa yenye fedha yaliogopa isije ikaangukia mikononi mwao. Umoja wa Mataifa ulipotangaza njaa, tarehe 20 Julai 2011, mauti yalikuwa yamekwisha kuenea. Wachunguzi walikadiria baadaye kwamba walikufa watu wapatao 258,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa maoni yangu jicho la angani halikukosea hata kidogo. Walioshindwa ni wenye masikio.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, huko Marsabit, jambo dogo lilikuwa limeanza Januari 2010. Wafugaji waliuziwa bima ya mifugo, na mapatano yao yalikuwa haya: NDVI ikishuka chini ya kipimo kilichokubaliwa, malipo hutolewa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mwezi wa Oktoba 2011 wafugaji wakalipwa kwa mara ya kwanza. Haikuhitaji mkutano wala picha za televisheni, maana namba ilikuwa imekubaliwa tangu majani yakingali mabichi. Mnamo 2015 Serikali ya Kenya nayo ikaanzisha bima kama hiyo, ikianzia Turkana na Wajir.