Shule na Daftari Lake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia ikitajwa juu ya duka na mwenye duka. Lakini leo, msomaji, nataka uitazame pamoja nami juu ya jambo ambalo ni nadra kulihesabu kuwa biashara, nalo ni shule. Dawati unaloandikia, chaki iliyo ubaoni na mwalimu anayesahihisha kazi yako, vyote vina gharama, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Watu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa jasho lao. Wengi wao walikuwa wepesi kutoa, lakini si kila waliyoyatoa yalidumu.

Katika zama za ukoloni shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni, na nafasi za elimu ya juu zilikuwa chache mno. Watu waliotaka zaidi waliona njia mbili mbele yao. Njia ya kwanza ilikuwa kodi. Mwaka wa 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wenyeji, nayo yakapewa uwezo wa kutoza ushuru mdogo kwa kazi za wilaya. Mabaraza hayo yalitenga fedha kwa ajili ya elimu, na kwa msaada wa fedha hizo zilianzishwa shule za serikali kama ile ya Kakamega mwaka wa 1932 na ile ya Kagumo mwaka wa 1933. Ushuru wa mtu mmoja ulikuwa kitu kidogo, lakini ulikuja kila mwaka, na aliyetunza hesabu aliweza kujua mapema ni kiasi gani kitakachoingia. Haba na haba hujaza kibaba, ikiwa haba hiyo ina siku yake ya kuja.

Njia ya pili ilikuwa shule za kujitegemea. Huko Nyanza, John Owalo alianzisha kanisa la Nomiya mwaka wa 1910, na wafuasi wake wakajenga shule zao wenyewe. Katika nchi ya Wakikuyu, mgogoro mkubwa wa mwaka wa 1929 baina ya misheni na wazazi juu ya mila ya tohara ya wasichana uliwafanya wazazi wengi waondoe watoto wao katika shule za misheni. Wakajenga shule nyingine, na baadaye wakaunda vyama vya kuzisimamia, kimoja kikiwa kile kilichojulikana kwa herufi KISA. Shule hizo hazikuwa na hazina nyuma yake. Ziliishi kwa karo na kwa michango ya wazazi.

Lakini shule zilipoongezeka, walimu walitoka wapi? Swali hilo ndilo lililozaa chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka wa 1939 chini ya Peter Mbiyu Koinange, ambaye alikuwa amesoma Marekani. Tazama, msomaji, busara iliyokuwamo katika shauri hilo. Kabla ya kuzidisha madarasa, yafaa kuandaa watu watakaosimama ndani yake. Tazama pia jinsi fedha zilivyokusanywa. Wito haukupigwa kwa umati tu, bali michango ilipitia marika, yaani watu wa rika moja walichanga pamoja na kushindana na rika jingine. Kila mtu alijulikana na wenzake, na aliyejificha alionekana. Hata hivyo fedha za kukiendesha chuo mara nyingi zilikuwa haba, kwa maana kukiendesha ni jambo jingine kuliko kukijenga. Mwaka wa 1947 Jomo Kenyatta alikuwa mkuu wa chuo hicho, na michango ikaendelea. Kisha mwaka wa 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na serikali ya kikoloni ikakifunga. Githunguri haikuuawa na daftari baya. Iliuawa na amri. Ni haki kulisema hilo, kwa kuwa si kila kinachoanguka huanguka kwa uzembe wa mwenyewe.

Uhuru ulipokaribia, tarehe 1 Juni 1963, Kenyatta aliwaita wananchi kwa neno Harambee, na wananchi wakaitika. Walitoa fedha, mbuzi, mawe, mbao na nguvu za mikono yao. Shule za sekondari zikachipuka vilimani na mabondeni, hata katikati ya miaka ya 1970 shule zilizoendeshwa bila msaada wa serikali zilizidi kwa idadi zile zilizosaidiwa. Ni nchi chache zilizoona jambo kama hili. Lakini ndani ya nyingi kati ya shule hizo hapakuwa na maabara, wala vitabu vya kutosha, na walimu waliofunzwa kazi walikuwa wachache. Mzazi wa shule ya Harambee mara nyingi alilipa karo kubwa kuliko mzazi wa shule ya serikali, na mtoto wake akapata kidogo zaidi.

Kwa nini ikawa hivyo? Chukua kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme shule inafunguliwa na wanafunzi 40 wa kidato cha kwanza, nayo inahitaji walimu watatu. Tuseme tena kwamba mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwaka ni sawa na karo ya wanafunzi 15. Walimu watatu watahitaji karo ya wanafunzi 45, na waliopo ni 40. Shule hii imeanza na deni kabla ya kununua kipande cha chaki! Baada ya miaka minne kuna wanafunzi 160 na walimu wanane, ambao mishahara yao ni karo ya wanafunzi 120. Sasa imebaki karo ya wanafunzi 40 kwa vitabu, maabara na marekebisho ya paa. Lakini mwaka wa ukame ukija, na mzazi mmoja katika kila wanne akishindwa kulipa, masalio hayo yote yametoweka.

Hapo ndipo penye fundisho. Ukuta hulipiwa mara moja, bali mwalimu hulipiwa kila mwezi. Siku ya mchango ina ngoma na shangwe, na jengo jipya huonekana kutoka barabarani. Mshahara wa mwezi wa saba haupigiwi ngoma. Kamati nyingi zilijenga zikitumaini kwamba serikali itakuja kuubeba mzigo wa walimu, hasa baada ya Tume ya kuwaajiri walimu kuanza kazi mwaka wa 1967. Baadhi ya shule zilipata bahati hiyo. Nyingine zilingoja mno, na waliongoja pamoja nazo walikuwa vijana wa umri wako, ambao miaka yao ya masomo haikuweza kurudishwa.

Lakini usidhani kwamba juhudi ile ilikuwa bure. Huko Nyeri wananchi, wakulima wa kahawa wakiwa miongoni mwao, walichangia chuo cha ufundi cha Kimathi mwaka wa 1972, na chuo hicho mwaka wa 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mbegu ya Harambee iliota pale ilipopata wa kuimwagilia.

Huenda siku moja utaketi katika kamati ya shule, au utaanzisha shule yako mwenyewe, au kampuni ya kuuza vitabu na vifaa vya masomo. Watu watakuuliza jengo litakuwa na vyumba vingapi. Wajibu, lakini nawe uwaulize: Walimu watalipwa na nani mwaka wa tatu? Wazazi wangapi wanaweza kulipa mvua isiponyesha? Akiba iko wapi, na daftari linashikwa na nani? Maswali haya hayazimi moyo wa kutoa. Ni njia ya kumheshimu yule mama aliyeuza kuku wake ili shule isimame.