Ujira wa Mwanagenzi: Kutoka Kipande Hadi Posho

Kima cha chini cha mshahara nchini Tanzania hupangwa kwa sekta: kilimo, viwanda na biashara, madini, ulinzi binafsi, kazi za majumbani na nyinginezo. Mwanagenzi hana fungu lake. Kijana anayejifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya Misugusugu, kata ya Mji wa Kibaha iliyo kando ya barabara kuu kati ya Maili Moja na Mlandizi, anaweza kushinda kazini saa zilezile za fundi wake na jioni akapewa nauli tu. Pengo hilo halikuanza jana.

Sheria za kazi za Tanganyika chini ya Waingereza, kuanzia ile ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, zilijali zaidi kumbana kibarua asitoroke kuliko kumhakikishia kipato. Katika mashamba ya mkonge malipo yalikwenda kwa kipande, kadi iliyopigwa alama kila siku ya kazi. Alama 30 zikitimia ndipo mtu akalipwa. Kujifunza ufundi kulikuwa jambo la mbali na mashamba hayo. Wajerumani walikuwa wameanzisha shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na humo wanafunzi walifundishwa useremala na uchapaji. Gazeti la *Kiongozi* lilitoka katika mtambo wa shule hiyo. Kazi ya mikono ya mwanafunzi ilikuwa na soko, lakini ilihesabiwa kuwa somo. Hoja hiyo ndiyo imeendelea kumnyima mwanagenzi ujira hadi leo.

Kima cha chini kilichoanza kuwa na maana kwa mfanyakazi wa mjini kilifika Dar es Salaam mwaka 1957. Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Mwingereza Donald Chesworth ilipendekeza kiwango cha juu zaidi, na kuanzia Januari 1963 mfanyakazi wa Dar es Salaam hakutakiwa kulipwa chini ya shilingi 150 kwa mwezi. Kwa wakati ule lilikuwa ongezeko kubwa. Wakati huohuo mafundi walikuwa wakiandaliwa katika shule za ufundi za Ifunda, iliyofunguliwa mwaka 1951, na Moshi, iliyofuata mwaka 1957. Mambo hayo mawili, mshahara na mafunzo, yalikwenda sambamba bila kukutana.

Kibaha ni mahali ambapo yangeweza kukutana. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha hapo kituo kilichokuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 kilikabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye vikaja viwanda: TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania, na shirika la Nyumbu la utafiti wa magari. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliweka utaratibu wa kijana kuanza chuoni, kisha kumalizia mafunzo kiwandani chini ya mwajiri na kupanda kwa majaribio ya ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza. Ulikuwa mpango mzuri, maana ulimtambua mwanagenzi kwa jina na kumpa mwajiri wajibu juu yake. Lakini ulitegemea viwanda vya umma. Viwanda vilipolegea miaka ya 1980 na kubinafsishwa miaka ya 1990, nafasi za mafunzo zilikwenda navyo.

Sheria ya VETA ya mwaka 1994 ilihamishia mzigo kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri huilipa kwa asilimia ya mishahara yote anayotoa. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5. Tozo hiyo inasaidia kugharamia vyuo. Haimlipi kijana aliyelala chini ya lori akifungua nati.

Kijana huyo gereji humwita spana boi, na kwenye ujenzi mwenzake ni saidia fundi. Huja asubuhi kufungua, huosha vyuma kwa dizeli, hushika taa fundi anapokagua injini, hutumwa dukani kununua spea. Mkataba ni wa mdomo, mara nyingi kati ya fundi na mjomba wa kijana. Kinachotolewa ni hela ya chai, siku ambazo kazi imepatikana. Miaka miwili au mitatu ikipita, ameshajua kushusha gia boksi peke yake, na bado anaitwa mwanafunzi. Hapo ndipo dhuluma ilipo: mafunzo yamekwisha, jina la mafunzo limebaki.

Kwa wahitimu wa vyuo tatizo hilohilo huvaa suti. Madaktari watarajali wa Muhimbili waligoma kwa sababu ya kucheleweshewa posho, na mgogoro wao ukawasha mgomo mkubwa wa madaktari wa mwaka 2012. Watu waliokuwa wakihudumia wodi usiku kucha walilazimika kudai kama wanaoomba msaada. Mwaka 2017 Ofisi ya Waziri Mkuu ilitoa miongozo miwili ya kitaifa, mmoja wa uanagenzi na mwingine wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Ilikuwa hatua ya kweli, ila mwongozo si amri ya mshahara.

Amri za mshahara zenyewe zimekuwa zikipanda. Ile iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara. Iliyofuata, ya kuanzia Januari 2026, imepandisha wastani wa sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322. Kila zinapopanda, tofauti kati ya mwajiriwa na anayeitwa mwanafunzi inakua, na kishawishi cha kumwita mtu mwanafunzi kinakua nayo.

Nchi nyingine zimeziba pengo hili kwa njia mbalimbali. Uingereza iliweka kima maalumu cha wanagenzi mwaka 2010, pauni 2.50 kwa saa. Kenya, katika Sheria ya Ajira ya 2007, ilimtaja mwanagenzi waziwazi ndani ya tafsiri ya mwajiriwa. Shirika la Kazi Duniani, kwa Pendekezo namba 208 la Juni 2023, linataka wanagenzi wapate malipo stahiki.

Tanzania inacho kifungu ambacho hakitumiwi vya kutosha. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya saba: namna au saa zake za kazi kupangwa na mwingine, kuwa sehemu ya taasisi, kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, kumtegemea mwingine kiuchumi, kupewa vifaa naye, au kumtumikia yeye pekee. Spana boi wa Misugusugu anazo karibu zote. Madai ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.