Kifafa: Nani hugharimia utafiti?

Harambee ya kulipa gharama za hospitali ni jambo la kawaida katika vijiji vya Kericho na Bomet. Mgonjwa akizidiwa, jamaa na majirani huitana na kuchanga. Mchango wa kutafuta chanzo cha maradhi yenyewe, hata hivyo, haujazoeleka, na kifafa ni mfano wa pengo hilo.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaugua, na kwamba hadi asilimia 70 wangeishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa mapema na kutibiwa. Kwa mchuma majanichai, kuanguka kando ya jiko la kuni kwaweza kumwachia majeraha ya moto na kumkosesha kibarua.

Utafiti umekwisha kuleta manufaa katika eneo jirani. Mwaka 1991, jarida la The Lancet lilichapisha matokeo kutoka Nakuru, ambako wagonjwa 302 walitibiwa kupitia huduma za afya za msingi. Baadhi walipewa fenobabitali, dawa inayotumika tangu 1912, na wengine kabamazepini. Miongoni mwa waliokamilisha mwaka mmoja, asilimia 53 hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho. Dawa hizo mbili zilikaribiana kwa nguvu.

Huko Kilifi, wanasayansi wa KEMRI na wenzao walibaini kwamba watoto walionusurika malaria kali huwa katika hatari zaidi ya kupata kifafa. Utafiti wa mwaka 2013 uliohusisha Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Afrika Kusini ulihusisha maradhi haya pia na vimelea, majeraha ya kichwa na matatizo ya uzazi.

Kazi hiyo ilifadhiliwa na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza lililoasisiwa mwaka 1936 kwa wasia wa mfanyabiashara wa dawa, Henry Wellcome. Lakini matokeo ya pwani hayawezi kuhamishiwa milimani bila kupimwa. Katika nyanda za juu za Kericho, malaria huzuka kwa vipindi, hasa baada ya mvua za masika, na huwakuta wengi wasio na kinga.

Anayetaka kuchangia utafiti ana haki ya kuuliza maswali matatu. Je, mchango wa hadhara una kibali chini ya Sheria ya Michango ya Umma? Je, watafiti wana leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili? Je, hesabu zitawekwa wazi?

Harambee ya hospitali humwokoa mgonjwa mmoja. Ya utafiti haina mgonjwa wa kuonyeshwa jukwaani, lakini yaweza kumkinga mtoto ambaye bado hajaugua.