Kuvu ya Sikio kwa Mganga, kwa Tabibu wa Pwani na kwa Daktari

Mwaka 2004 mahindi yaliua watu Ukambani. Yaliwekwa ghalani kabla ya kukauka sawasawa, yakaota ukungu, na ukungu huo ukatoa sumu iitwayo aflatoksini. Katika wilaya za Makueni, Kitui na Machakos, pamoja na Thika nje ya Ukambani, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafa. Tangu hapo mkulima wa Machakos hahitaji kuambiwa kwamba kuvu hupenda unyevu. Lakini sikio likimwasha usiku, mkulima huyo huyo hupasha mafuta moto akayadondosha ndani. Aspergillus flavus, kuvu iliyoharibu mahindi yale, ni mojawapo ya zile ziwezazo kuota kwenye tundu la sikio la binadamu, ingawa Aspergillus niger na zile za jamii ya Candida huonekana mara nyingi zaidi.

Nimeanza na mahindi kwa sababu ugonjwa huu hudharauliwa. Sikio halimlazi mtu kitandani. Linawasha, linaziba, linatoa maji, basi. Kwa mwenye afya njema dharau hiyo haina gharama kubwa. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetibiwa saratani au aliyemeza dawa za steroidi kwa muda mrefu, inaweza kumtoa roho. Ndiyo sababu inafaa kuuliza kila mapokeo ya tiba tuliyo nayo yanalitazamaje sikio hilo.

Mundu mue, mganga na mwaguzi wa Kikamba, hakuwa akihangaika na kila kikohozi. Maradhi madogo yalitibiwa nyumbani kwa majani na mizizi. Yaliyomfikia ni yale yanayorudi, yanayokataa dawa. Hapo ndipo alipochukua kibuyu chake cha mbegu na kuuliza: kwa nini huyu, na kwa nini sasa? John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kwamba kwa Mwafrika wa jadi maradhi na misiba ni mambo ya kidini pia, hivyo mganga hutibu mwili na kutafuta chanzo kilicho nyuma yake. Jibu la mundu mue, kwamba kuna jirani mwenye uchawi au mzimu uliosahauliwa, silikubali. Swali lake nalikubali kabisa, na nitalirudia.

Pwani swali ni jingine. Kutoka Lamu hadi Unguja, tabibu wa jadi huusoma mwili kwa hali nne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Elimu hiyo ilitoka kwa Wayunani ikapitia kwa wanazuoni wa Kiislamu, na mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kitabu cha tatu kati ya vitano vya Kanuni yake ya tiba kinapanga maradhi kuanzia kichwani kushuka hadi miguuni, na masikio yamo. Ugonjwa hutibiwa kwa kinyume chake. Kwa kanuni hiyo, sikio linalotoa maji lilipaswa kukaushwa. Dawa iliyoenea majumbani, hata huku bara, inafanya kinyume: kitunguu saumu kilichochemshwa kwenye mafuta. Saumu yenyewe haikosi nguvu, maana utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba maji yake huzuia kuvu za Aspergillus zinazoshambulia sikio. Ila bakuli la maabara si sikio la mtu. Saumu mbichi huunguza ngozi, na mafuta ya jikoni hayana usafi unaohitajika ndani ya sikio ambalo huenda kiwambo chake kimetoboka. Wahindi wa kale walikaribia zaidi. Sushruta, tabibu wao, alihesabu maradhi 28 ya sikio, kuwashwa kukiwemo, na pamoja na mafuta alitaja kulisafisha na kulifukiza moshi.

Kilichoongezwa na hospitali ni kutazama. Daktari au afisa wa kliniki aliyesomea masikio huingiza taa na lenzi, akaona nyuzi nyeupe na vidoti vyeusi, uchafu uliorundikana kama gazeti lililolowa maji. Akiwa na shaka, huchukua kipande, akakitia tone la potasi haidroksaidi na kukiweka chini ya hadubini, na nyuzi za kuvu hujitokeza. Kipimo hiki ni rahisi na bei yake ni ndogo. Baada ya hapo kazi kubwa ni kusafisha, tena kwa uangalifu na kwa kurudia, kwa sababu dawa haipenyi rundo la uchafu. Kisha matone au krimu ya klotrimazoli kwa wiki kadhaa, na maji yasiingie sikioni. Kiwambo kikiwa kimetoboka, matone yenye spiriti hayafai.

Lakini wengi wetu hatufiki huko. Tunapita kwenye duka la dawa, tunasema sikio linauma, tunapewa matone ya antibiotiki yaliyochanganywa na steroidi. Antibiotiki huua bakteria walioshindana na kuvu, steroidi hutuliza mwasho huku ikipunguza ulinzi wa ngozi. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, kisha sikio huwasha kuliko mwanzo. Duka la dawa halijauliza swali hata moja kati ya yale ya wazee wetu.

Kwa mwenye kinga dhaifu, kuvu inaweza kuacha ngozi na kuingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Mara nyingi uharibifu wa aina hii huletwa na bakteria aitwaye Pseudomonas, hasa kwa wazee wenye kisukari. Kwa hiyo mgonjwa akipewa antibiotiki kali na asipone, kuvu ndiyo ya kushukiwa, hasa Aspergillus, na lazima kipande cha nyama kikatwe kipimwe. Dalili ni maumivu makali ya usiku yasiyolingana na kinachoonekana, nyama mbichi ndani ya tundu, na uso kupinda upande mmoja neva inapobanwa. Matone hayatoshi tena. Huhitajika vorikonazoli au amfoterisini B kwa wiki nyingi, pengine miezi, na bei yake inazielemea familia nyingi. Kuna jingine la kutia hofu: Candida auris, kuvu sugu kwa dawa nyingi iliyokwisha kuonekana katika hospitali za Kenya pia, iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2009 baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa huko Tokyo. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la hatari kubwa kabisa la orodha yake ya kuvu 19, pamoja na Aspergillus fumigatus.

Sasa narudi kwa mundu mue. Hospitali hujua kuuliza ni kitu gani kimo sikioni. Mara nyingi husahau kuuliza kwa nini kimempata huyu, sasa. Sikio la kuvu linalorudi mara ya pili na ya tatu linaweza kuwa ishara ya kwanza ya sukari iliyopanda au ya VVU visivyojulikana, na mgonjwa kama huyo kumrudisha nyumbani na chupa ya matone peke yake ni kumtibu nusu. Apimwe sukari. Apimwe VVU, kipimo kisicholipiwa katika hospitali za umma. Aulizwe dawa anazomeza. Sukari ikishuka na ARV zikianza kufanya kazi, sikio nalo hupata nafasi ya kupona.

Ewe msomaji, ukiwa na kisukari au unaishi na VVU, na sikio lako linakunyima usingizi, weka kando mafuta, njiti ya kiberiti na matone ya jirani. Nenda Machakos Level 5, au hospitali yoyote yenye mtaalamu wa masikio, na umwambie ugonjwa wako mkubwa kabla hajawasha taa yake. Uso ukianza kupinda, nenda siku hiyo hiyo.