Rukhsa, Si Milki: Omani na Majeshi ya Kigeni Tangu 1977



Kamati ya mkutano imenitaka niandike machache juu ya taarikhi ya huku, kwa faida ya vijana waliokulia ng'ambo. Nimechagua suala wanaloniuliza wao wenyewe kila wanapokuja Ansab na kuona jinsi tulivyo karibu na uwanja wa ndege, ule uliofunguliwa mwaka 1973 kwa jina la Seeb. Je, ni kweli kwamba Wamarekani walipewa uwanja huu? Baadhi yao wameshajijibu kwamba nchi iliuzwa.

Siwalaumu. Sisi tuliotoka Unguja tuna sababu ya kumwogopa mgeni mwenye manowari. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na tarehe 27 Agosti 1896, kwa sababu ya ugomvi wa nani arithi kiti, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Mlinzi alikuwa amekwisha kuwa mwenye nyumba.

Basi tutazame yaliyotokea Omani. Mnamo Machi 1977 jeshi la anga la Uingereza liliondoka Salala na kisiwa cha Masira, ingawa maafisa wa Kiingereza waliendelea kuwemo ndani ya majeshi ya Sultani. Vita vya Dhofari, vilivyoanza mwaka 1965, vilikuwa vimetangazwa kuisha Desemba 1975. Waasi walikuwa wakisaidiwa na jirani yetu Yemen ya Kusini, na Sultan Qaboos alisaidiwa na Waingereza, Wajordani na maelfu ya askari wa Shah wa Irani. Shah alipopinduliwa mwaka 1979, nguzo moja ilianguka. Desemba ya mwaka huo huo Wasovieti wakaingia Afghanistani.

Hapo ndipo Marekani ilipoanza kubisha hodi kando ya Bahari ya Hindi: Omani, Kenya na Somalia. Jamaa zetu wa Mombasa watakumbuka meli za kivita zilizotia nanga Kilindini. Zilitokana na mazungumzo ya wakati huo huo.

Mazungumzo yalikuwa bado yakiendelea Aprili 1980 pale ndege za Kimarekani ziliporuka kutoka Masira kwenda jangwa la Irani kuwaokoa mateka wa Tehran. Jaribio lilishindikana, na Wamarekani 8 wakafa. Serikali ya Omani haikuwa imeelezwa makusudio ya safari ile. Fikirini aibu yake: jirani mkubwa ng'ambo ya Hormuz angeamini vipi kwamba mwenye uwanja hakujua? Wapo waliotazamia Sultani avunje mazungumzo. Hakuvunja. Mkataba ulikamilishwa Juni 1980, kwa muda wa miaka 10, na kiini chake ndicho ninachowaomba vijana wakisome kwa makini. Marekani haikupewa kambi. Ilipewa haki ya kuomba kutumia viwanja vya Masira, Seeb na Thumrait, na baadaye Khasab, kwa taarifa na ridhaa ya serikali, nayo ikagharimia kuvitengeneza. Bendera juu ya viwanja ilibaki ya Omani.

Sisemi yote yalikuwa mema. Mwaka ule hapakuwa na baraza lolote la kuujadili mkataba. Baraza la Ushauri la Dola liliundwa mwaka 1981. Mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi katika mafaili ya serikali najua kuwa neno "ridhaa" lina nguvu kwa kadiri ya anayeliandika na anayelisimamia.

Majirani walikuja juu. Iraki ilikuwa imeshatangaza, Februari 1980, tamko la kuwataka Waarabu wote wakatae majeshi na kambi za kigeni. Kuwait nayo haikuridhika. Kelele kubwa zaidi zilitoka Adeni, na hapa sina budi kutabasamu, maana bandari ya Adeni yenyewe ilikuwa ikipokea manowari za Kisovieti. Agosti 1981 Yemen ya Kusini ilifunga mapatano na Ethiopia na Libya, na Maskati ikajiona imezungukwa.

Wakati huo serikali ingeweza ama kumfukuza mgeni kwa kumridhisha jirani, ama kujificha nyuma ya mgeni na kumtukana jirani. Haikufanya lolote kati ya hayo. Kwa upatanishi wa Kuwait na Falme za Kiarabu, Omani na Yemen ya Kusini zilipatana mwaka 1982: kutoingiliana, kusimamisha matusi ya redioni, kuunda kamati ya mpaka, na kila upande kutoruhusu ardhi yake itumiwe na majeshi ya kigeni kuushambulia mwingine. Mkataba wa Wamarekani haukufutwa, lakini jirani alipata dhamana iliyoandikwa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, na ni mgumu kuliko kupiga mizinga.

Tarehe 1 Oktoba 1992 Omani na Yemen, iliyokuwa imekwisha kuungana, zilitia saini mkataba wa mpaka. Ule wa Marekani ulihuishwa mara kadhaa, na Machi 2019 yakaongezwa makubaliano kuhusu bandari za Duqm na Salala. Hizo nazo zimebaki mikononi mwa Omani.